Lugha za Krioli katika Bahari ya Hindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu Kikrioli kinachosemwa Morisi, Rodrigues na Shelisheli, na kwa kiasi kidogo ndugu zake wa Chagos, Réunion na Haiti. Umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili, ambao mara nyingi huuliza mambo yaleyale: kama hicho ni Kifaransa kibovu, kama Kiswahili nacho ni krioli, na inakuwaje ngano za visiwa vilivyo mbali hivyo zikawa na sungura. Maswali ya msingi yametangulia, na yale yenye ubishi yamewekwa mwishoni.

## Mambo ya msingi

1. Krioli ni lugha ya namna gani?

Krioli ni lugha iliyozaliwa mahali ambapo watu wa lugha nyingi walikusanywa pamoja, mara nyingi kwa nguvu, wakalazimika kuelewana haraka, na watoto waliozaliwa katika hali hiyo wakaifanya njia hiyo ya kuelewana kuwa lugha yao ya kwanza. Sehemu kubwa ya msamiati wake hutoka katika lugha ya wenye mamlaka, kama vile Kifaransa, Kireno, Kiingereza au Kiarabu, lakini sarufi yake haifuati ya lugha hiyo.

Watu wengi huchanganya krioli na pijini. Pijini ni lugha ya kazi na biashara, yenye maneno machache, na hakuna anayezaliwa nayo. Krioli ina wenyewe: hubembelezewa watoto, husaliwa, hugombewa na huotwa. Wanaisimu hawajakubaliana kama kila krioli ilipitia hatua ya pijini. Robert Chaudenson, aliyechunguza visiwa hivi kwa miaka mingi, alishikilia kwamba krioli zenye msamiati wa Kifaransa zilitokana na Kifaransa cha kawaida cha walowezi, kilichozidi kubadilika kadiri watumwa wapya walivyojifunza kwa watumwa waliowatangulia, bila kumsikia Mfaransa mwenyewe. Philip Baker na Chris Corne, kwa upande wao, walitetea kwamba Kikrioli cha Morisi kilijengwa palepale kisiwani na hakikuletwa kutoka Réunion. Ubishi huo bado unaendelea.

2. Neno lenyewe limetoka wapi?

Limetoka katika Kireno, *crioulo*, na Kihispania, *criollo*, kutokana na kitenzi chenye maana ya kulea au kukuza. Mwanzoni lilimtaja mtu aliyezaliwa na kulelewa kolonini, awe mzungu au mtumwa, ili kumtofautisha na aliyeletwa kutoka ng'ambo. Baadaye likahamia kwenye lugha ya watu hao. Huko Morisi leo neno hilo lina maana mbili zinazogongana, na suala hilo linajibiwa katika swali la 11.

3. Je, Kikrioli ni Kifaransa kilichovunjika?

Hapana, na sentensi chache zinatosha kulionyesha hilo. Kwa Kikrioli cha Morisi, *mo manze* ni mimi hula, *mo ti manze* ni nilikula, *mo pe manze* ni ninakula sasa hivi, na *mo pou manze* ni nitakula. Kitenzi hakibadiliki hata akibadilika mtendaji: *to manze*, *li manze*, *nou manze*, *zot manze*. Kifaransa hubadilisha mwisho wa kitenzi kwa kufuata nafsi na wakati. Kikrioli kimeuacha mfumo huo wote na kujenga mwingine, ambao alama fupi husimama mbele ya kitenzi kwa mpangilio usiovurugwa. Mtu atasema *mo ti pe manze*, yaani nilikuwa nakula, lakini akisema *mo pe ti manze* atakuwa amekosea, na mtoto yeyote wa Port Louis, mji mkuu wa Morisi, atamsahihisha.

Kuna kanuni nyingine ambayo Kifaransa hakina kabisa. Vitenzi vingi vya Kikrioli cha Morisi vina umbo refu na umbo fupi. Kitenzi kikikaa peke yake mwishoni huwa *manze*. Kikifuatwa na kitu kinacholiwa hukatwa na kuwa *manz*, kama katika *mo pe manz diri*, ninakula wali. Mgeni aliyejifunza Kikrioli kwa kuvunja Kifaransa hujulikana hapo hapo, kwa sababu husema *manze diri*.

Zaidi ya hayo, maneno yaliyopokewa yalikatwa upya. Nyumba ni *lakaz*, maji ni *dilo*, ndege ni *zwazo*. Ndani ya *lakaz* mna kitambulishi cha Kifaransa *la*, yaani neno dogo linalotangulia jina, lakini kwa msemaji wa Kikrioli hicho si kitambulishi tena, ni silabi ya neno lenyewe. Ndiyo maana nyumba fulani inayojulikana huitwa *lakaz la*, na nyumba nyingi *bann lakaz*. Sisi tusilione jambo hilo kuwa la ajabu. Kiarabu kilitupa *kitab*, neno moja lisilo na kiambishi, nasi tukasikia ndani yake *ki-* yetu na tukaunda vitabu. Hatujawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo, wala hatukuambiwa kwamba tumeharibu Kiarabu.

4. Alama hizi za wakati zinafanana na *-li-*, *-na-* na *-ta-* za Kiswahili. Je, zimetoka kwetu?

Kufanana huko kupo na huwasaidia sana wanafunzi, lakini hakuthibitishi asili. Haiti, ambako watumwa wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo, kuna mfumo unaokaribiana sana: *mwen te manje*, nilikula, *m ap manje*, ninakula. Vipande vyenyewe vimetoka katika Kifaransa cha mazungumzo: *ti* na *te* vinatokana na *était* au *été*, na *pe* na *ap* vinatokana na *après*. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba Waafrika na Wamadagaska walioipokea lugha hiyo walikuwa wamezoea lugha ambazo wakati huonyeshwa kwa namna iliyo wazi. Kudai kwamba *ti* ni *-li-* iliyogeuka ni kujipendelea.

## Historia

5. Je, visiwa hivi vilikuwa na wenyeji kabla ya wakoloni?

Havikuwa nao. Mabaharia wa Kiarabu na wa Kireno walivijua, lakini hakuna aliyeishi humo. Waholanzi walitua Morisi 1598 na kukiita kisiwa hicho kwa jina la mtawala wao Maurits. Walianzisha makazi 1638 na kuondoka 1710. Wafaransa walikitwaa 1715, wakakiita Isle de France, na makazi yao yakaanza 1721. Shelisheli ilikaliwa kuanzia 1770, walipotua watu 28 tu: wazungu 15, watumwa 7, Wahindi 5 na mwanamke mmoja mweusi.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Hapakuwa na lugha ya wenyeji ya kukimbilia, wala kijiji cha jirani ambako mtumwa aliyetoroka angesikia lugha ya mama yake. Kila aliyekuwapo alikuwa ametoka mahali pengine, na lugha waliyoiunda ndiyo kitu pekee kilichozaliwa kisiwani pamoja na watoto wao.

6. Watumwa walitoka wapi, na pwani ya Afrika Mashariki ilihusika vipi?

Walitoka Madagaska, Msumbiji, pwani ya Waswahili, India, na katika miaka ya mwanzo Afrika Magharibi pia. Mwanzoni mwa karne ya 19, takriban wanne kati ya kila watu watano waliokuwa Morisi walikuwa watumwa. Amri ya kifalme ya 1723 iliwahesabu kuwa mali inayohamishika, kama vyombo vya nyumbani.

Pwani yetu ilihusika, na inafaa tuliseme hilo bila kuzungukazunguka. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka, kwa piastre 20, yaani sarafu za fedha, kila mmoja. Watu hao hawakuwa watu wa Kilwa. Waliletwa kwa miguu kutoka bara, wengi wao kutoka nchi za kuelekea Ziwa Nyasa, na misafara iliyowaleta ilikuwa ya Waafrika na Waswahili. Mfaransa alisubiri pwani na fedha zake. Anayesoma historia ya Kikrioli akadhani mikono iliyotenda ilikuwa ya wazungu peke yao amesoma nusu.

Walipofika visiwani, makabila yao yalifutwa kwa kalamu. Myao, Mmakua na mtu wa Nyasa wote waliandikwa "Mozambique" katika madaftari, kwa sababu ya bandari au upande waliotokea. Kutokana na hapo likaja neno *Mazambik*, ambalo kwa vizazi vingi lilikuwa tusi Morisi. Fikiria mtu anayetukanwa kwa jina la mahali ambapo babu yake pengine alipapitia tu akiwa amefungwa minyororo.

Biashara hiyo ndiyo iliyolengwa na mkataba wa 1822, ambao nahodha Mwingereza Fairfax Moresby alifunga na Seyyid Said kukataza watumwa kuuzwa kwa raia wa mataifa ya Kikristo. Utumwa wenyewe ulikomeshwa Morisi na Shelisheli tarehe 1 Februari 1835.

7. Je, baada ya 1835 Waafrika wa pwani waliacha kufika huko?

La. Kuanzia 1861 manowari za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika maji ya Afrika Mashariki ziliwashusha Shelisheli zaidi ya watu elfu mbili waliookolewa, wengi wao watoto. Hawakurudishwa makwao. Walipangiwa kazi katika mashamba ya minazi, na baadhi ya watoto walisomeshwa katika shule ya wamisionari ya Venn's Town, juu milimani katika kisiwa cha Mahé, ambako magofu yake yapo mpaka leo. Wakati huo Kikrioli kilikuwa kimekwisha kukomaa. Wao waliingia ndani yake na kukiongezea ngano na ngoma.

Visiwa hivyo vilitumiwa pia kuwaficha watawala walioshindwa. Kabaka Mwanga wa Buganda alipelekwa uhamishoni Shelisheli na akafia huko 1903. Omukama Kabalega wa Bunyoro alizuiliwa huko kwa zaidi ya miaka 20, na alipoachiliwa 1923 alifariki Jinja akiwa njiani kurudi kwao. Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Zanzibar kwa siku chache mwaka 1896, naye alipitishwa huko baada ya kukamatwa 1916.

8. Waingereza walitawala tangu 1810. Kwa nini basi Kikrioli hakikuwa cha Kiingereza?

Kwa sababu Waingereza walitaka bandari zaidi kuliko walivyotaka watu. Masharti ya kusalimu amri ya 1810 yaliwaachia wakazi sheria, dini na desturi zao. Mkataba wa Paris wa 1814 ukathibitisha utawala wa Uingereza, lakini wenye mashamba waliendelea kuwa Wafaransa, na Waingereza waliohamia walikuwa wachache. Kiingereza kikabaki ofisini na mahakamani, Kifaransa kikabaki sebuleni na magazetini, na Kikrioli kikabaki kila mahali penginepo.

Kuanzia 1834 waliletwa Morisi vibarua wa mkataba kutoka India, karibu nusu milioni hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakipitia ngazi za bandari zinazojulikana leo kama Aapravasi Ghat. Walikuja na Kibhojpuri, Kitamil, Kitelugu na lugha nyingine, na mashambani walikuta lugha iliyoachwa na watumwa. Wajukuu wao ndio wengi wa wasemaji wa Kikrioli wa Morisi leo. Hilo ndilo linalolifanya swali la 11 kuwa gumu.

## Pwani yetu ndani ya Kikrioli

9. Je, kuna Kiswahili ndani ya Kikrioli?

Kipo kidogo, na kipo mahali pa kufurahisha. Kwa msamiati wa kila siku, sehemu kubwa sana ni ya Kifaransa. Maneno ya Kibantu, ya Kimadagaska na ya Kihindi ni machache, na hupatikana zaidi katika chakula, mimea, ngoma na michezo ya watoto, yaani katika mambo ambayo bwana hakuwa na haja ya kuyaamrisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Soungoula, mjanja wa ngano za Shelisheli, anayewashinda wakubwa kwa hila kama anavyofanya Sungura wetu. Jina ni lilelile. Lakini wasikilizaji wengi wa Shelisheli hawamwoni kuwa mnyama mwenye masikio marefu. Huonwa zaidi kuwa kama nyani. Sungura wa porini hakuvuka bahari. Lilivuka jina, pamoja na tabia, na mnyama mwingine akapewa vyote viwili. Halikadhalika *zez*, ala ya uzi yenye kibuyu ambayo wazee wa Shelisheli waliipiga, ni zeze yetu.

Kwa upande mwingine, watu wa pwani huliita tunda liitwalo *friyapen* kwa Kikrioli kwa jina la visiwa hivyo: shelisheli. Tunalichemsha na kulila kwa chai bila kukumbuka kwamba tumetaja nchi.

10. Vitendawili, sega na moutya vina uhusiano gani na Afrika?

Jioni, mtu mzima wa Morisi anayetaka kutega kitendawili husema *Sirandann?* na watoto huitikia kwa pamoja *Sanpek!* kama sisi tunavyosema "Kitendawili?" na kuitikiwa "Tega!" Kisha hutega: *Dilo dibout?* Maji yaliyosimama? Jibu ni *kann*, muwa. *Dilo pandan?* Maji yanayoning'inia? Jibu ni *koko*, nazi. Maneno ni ya Kifaransa kwa asili, lakini muwa huo ndio uliowaleta watu hao kisiwani, na namna ya kukaa kwa duara na kutegana ni ya Waafrika na Wamadagaska. Mtoto aliyesema *dilo dibout* usiku alikuwa amekata maji hayo yaliyosimama tangu alfajiri.

Sega ya Morisi huchezwa kwa *ravann*, ngoma pana iliyowambwa ngozi ya mbuzi, na kabla ya kupigwa hupashwa moto mpaka ngozi ikaze, kama zinavyofanyiwa ngoma nyingi za kwetu. Wachezaji husogea bila kuinua nyayo mbali na ardhi. Moutya ya Shelisheli ni ndugu yake, yenye ngoma nzito na maneno ya malalamiko yaliyofumbwa ili msimamizi asiyaelewe. Wakuu wa kanisa na wa serikali waliziona ngoma hizo kuwa uchafu, na huko Victoria, mji mkuu wa Shelisheli, sheria ya 1935 ilizuia ngoma kupigwa usiku mjini. UNESCO iliitambua sega ya Morisi 2014 na moutya 2021. Ni vyema, ingawa waliozipiga kwa kujificha hawakuwapo kusikia.

## Utambulisho na hadhi

11. Mkrioli ni nani? Je, kila anayesema Kikrioli ni Mkrioli?

Shelisheli jibu ni jepesi: karibu kila raia anasema Kikrioli, na neno hilo linawahusu wote. Morisi sivyo. Lugha ni ya karibu wote, Wahindu, Waislamu, wenye asili ya China na Wakristo, lakini "Mkrioli" kwa maana ya mtu humtaja yule mwenye asili ya Afrika au Madagaska, kwa kawaida Mkristo. Katiba ya 1968 ilizitaja jamii za Wahindu, Waislamu na Wachina wa Morisi, kisha ikamweka mtu yeyote asiyeingia katika hizo tatu, kwa kutazama mwenendo wa maisha yake, katika kundi la nne la jumla. Mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa mwenye shamba wakajikuta katika kundi moja la uchaguzi, ambalo jina lake halimtambulishi hata mmoja wao.

Matokeo yake ni kwamba waliounda lugha ya taifa hawana jina lao katika orodha ya taifa. Mwaka 1993 padri Roger Cerveaux aliyataja masikitiko hayo hadharani kwa jina la *malaise créole*, yaani unyonge wa Wakrioli, na tangu hapo neno hilo halijaondoka katika mijadala. Februari 1999 mwanamuziki Kaya, aliyeichanganya sega na rege, alifariki akiwa mahabusu, na kisiwa kikaingia katika ghasia za siku kadhaa. Tume ya Ukweli na Haki, iliyoundwa 2009 kuchunguza athari za utumwa na za vibarua wa mkataba, ilitoa ripoti yake 2011, na suala la ardhi iliyopotea lilichukua nafasi kubwa ndani yake.

12. Kikrioli kina hadhi gani kisheria na shuleni?

Nchi hizi mbili, zenye lugha inayokaribia kuwa moja, zimechukua njia tofauti kabisa. Shelisheli, baada ya uhuru wa 1976, iliipa lugha hiyo nafasi ya kwanza 1981, ikaanza kufundishia katika madarasa ya mwanzo 1982, na Katiba ya 1993 ikaitaja pamoja na Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha za taifa. Wimbo wa taifa unaimbwa kwa Kikrioli tangu 1996. Noti za benki zina Kikrioli.

Morisi, iliyopata uhuru 1968, wimbo wa taifa ni wa Kiingereza, na noti zina Kiingereza, Kitamil na Kihindi. Mwaka 1998 noti mpya ziliondolewa kwa sababu ya mgogoro kuhusu kama Kitamil au Kihindi ndicho kitangulie. Lugha ambayo wagombanaji wote wangeitumia sokoni wakiwa na noti hizo mkononi haikuwamo. Kikrioli kiliingia shule za msingi 2012, kikiwa somo la hiari.

13. Kwa nini wasemaji wenyewe waliwahi kukataa watoto wao wasomeshwe kwa Kikrioli?

Kwa sababu walikuwa wameona nani hupata kazi. Mzazi aliyekataliwa dirishani kwa kusema Kikrioli hatashawishika kwa hoja za wanaisimu peke yake. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hali hii: huko Kenya watoto walivishwa alama ya aibu shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, na Tanzania mzazi anayeongea Kiswahili fasaha hulipa karo kubwa ili mwanawe afundishwe kwa Kiingereza.

Hata hivyo hofu hiyo imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba kichwa cha mtoto ni debe lisilotosha lugha mbili. Mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha anayoielewa hujifunza kusoma mara moja tu. Anayeanza kwa lugha asiyoielewa hufundishwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na wengi huishia kukariri sauti. Binafsi naona Shelisheli ilikuwa na ujasiri kuliko nchi nyingi kubwa kuliko yenyewe.

14. Kwa nini Kikrioli huandikwa *lakaz* na si kwa tahajia ya Kifaransa?

Kwa sababu tahajia ya Kifaransa ingemfanya msemaji aonekane amekosea katika kila neno. Shelisheli tahajia ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mchango mkubwa wa Annegret Bollée na Danielle D'Offay, na Lenstiti Kreol, taasisi ya lugha hiyo, ilianzishwa 1986. Morisi kila mwandishi alikuwa na njia yake mpaka 2004, ulipotolewa mfumo wa upatanisho uitwao Grafi Larmoni. Akademi Kreol Morisien ikafuata 2010. Kabla ya hapo Dev Virahsawmy, mwandishi na mtafsiri wa Morisi, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa vitendo kwamba Shakespeare anaweza kusema Kikrioli bila kupungukiwa.

15. Wachagosi wanaingiaje katika habari hii?

Wao pia ni wasemaji wa Kikrioli, wazao wa watumwa na vibarua wa mashamba ya minazi ya visiwa vya Chagos. Kati ya 1968 na 1973 Uingereza iliwahamisha wote ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi Diego Garcia. Walitupwa Morisi na Shelisheli, na baadaye wengine wakahamia Uingereza. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Chagos ilitenganishwa na Morisi kinyume cha sheria. Kwao Kikrioli, chakula na sega ndivyo vithibitisho kwamba kulikuwa na watu pale.

## Masuala yenye utata

16. Je, Kiswahili ni krioli ya Kiarabu na lugha za Kibantu?

Hapana. Hili huulizwa kuliko mengine yote, na kosa hutokana na kuhesabu maneno bila kutazama sarufi. Kiswahili ni lugha ya Kibantu katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliufuatilia ukoo huo sauti kwa sauti. Ngeli, upatanisho wa kisarufi na minyumbuliko ya vitenzi vilirithiwa bila kukatika.

Pima kwa neno moja: *hatutawapikia*. Ndani yake mna ukanushi, nafsi, wakati, anayetendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Kikrioli cha Morisi husema *nou pa pou kwi pou zot*, maneno sita yaliyosimama mbalimbali. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kiarabu kilitupa maneno mengi, lakini maneno hayo yaliingia katika nyumba iliyokuwa imekwisha kujengwa. Kusema hivi si kuidharau krioli; ni kusema tu kwamba historia zetu si moja.

17. Je, Afrika Mashariki ina krioli yake?

Ndiyo: Kinubi, kinachosemwa Kibra jijini Nairobi, Bombo nchini Uganda, na kwingineko. Msamiati wake ni wa Kiarabu. Wenyewe ni wazao wa askari waliokusanywa kusini mwa Sudan, waliobaki na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria huko, na ambao Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua 1891 kwenda kuipigania kampuni ya Waingereza Uganda. Wakaingia baadaye katika King's African Rifles, iliyoundwa 1902.

Katika Kinubi mtu husema *ana gi akulu*, ninakula. *Ita gi akulu*, unakula. *Uwo gi akulu*, anakula. Kiarabu hubadilisha mwanzo wa kitenzi kwa kila nafsi; Kinubi kimekiacha kitenzi kikiwa kimoja na kuweka alama *gi* mbele yake. Linganisha na *mo pe manze* katika swali la 3. Lugha mbili zisizowahi kukutana zilifika penye muundo unaofanana kwa sababu zilipitia mashaka yanayofanana.

Kwa utambulisho, Wanubi waliteseka kwa njia yao. Jina Kibra ni la kwao, lenye maana ya msitu, na waliruhusiwa kukaa hapo kama askari, si kama wenye ardhi. Baada ya uhuru walihesabiwa wageni, na vijana wao walihojiwa mno kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, na 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288.

18. Na Sheng, Kisetla na Kiswahili cha Lubumbashi?

Sheng si krioli. Ni msimbo wa vijana wa mjini unaosimama juu ya sarufi ya Kiswahili, na anayeusema huwa ana lugha nyingine ya kurudia. Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa Kenya na watumishi wao, kilikuwa karibu zaidi na pijini: amri nyingi, upatanisho haba, na hakikupata watoto. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika miji ya migodi ya Katanga, kikapoteza sehemu ya upatanisho wa ngeli, na kimekuwa lugha ya kwanza ya watu wengi. Ndicho chenye hoja yenye nguvu ya kuitwa krioli kuliko hivyo viwili, ingawa bado kimebaki na mengi ya Kibantu kuliko krioli ya kawaida.

19. Mtu wa Shelisheli anaelewana na wa Morisi, au wa Haiti?

Na wa Morisi, ndiyo, kwa kuzoeana kidogo: mmoja husema *mon*, mwingine *mo*. Na wa Réunion, ambako Kikrioli kimekaa karibu zaidi na Kifaransa kwa kuwa kisiwa hicho ni mkoa wa Ufaransa tangu 1946, huelewana kwa taabu kiasi. Na wa Haiti watashika mada na kupoteza maelezo. Wingi wa Haiti ni *yo* mwishoni mwa jina, wa Bahari ya Hindi ni *bann* mbele yake.

20. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kujifunza aanzie wapi?

Aanze kwa kusikiliza, kwa sababu tahajia haitamsumbua: kama yetu, karibu kila sauti ina herufi yake. Kitakachompa shida ni irabu za puani katika maneno kama *pin* na *dan*, na kitakachomsahaulisha ni kwamba hakuna upatanisho, kwa hiyo ulimi utataka kuongeza viambishi pasipo na haja. Salamu za Shelisheli ni *Bonzour, ki mannyer?* Akijibiwa *Byen, mersi*, aendelee kuuliza habari za nyumbani. Huko pia si adabu kuingia kwenye shida yako kabla ya kujuliana hali.